Kijerumani cha wodini, darasa la mtandaoni: kwa nini mwanafunzi anasifu kozi kisha anaiacha

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani ziliwekeana mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamaji wa wafanyakazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Habari zilipofika nyumbani wengi walisikia neno moja tu: ajira. Lakini mkataba haukumtua mtu mzigo wa lugha. Muuguzi aliyesomea nje ya Ujerumani bado anatakiwa, kwa kawaida, kuwa na Kijerumani cha ngazi ya B2 kabla cheti chake hakijatambuliwa kikamilifu. Kwa daktari sharti ni kali zaidi, kwani juu ya B2 ya jumla huongezwa mtihani wa lugha ya kitabibu unaopimwa kwa kiwango cha C1.

Ngazi hizi, kuanzia A1 hadi C2, zimo katika mwongozo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Goethe-Institut hukadiria kwamba anayeanzia sifuri anahitaji vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45 ili afike B2. Mwanafunzi anayesoma vipindi kumi kila wiki bila kukosa atachukua wiki 60 hadi 80. Sasa mfikirie mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, mwenye mihadhara asubuhi, mazoezi ya wodini mchana, na zamu ya usiku inayomwangukia kila baada ya muda. Akiwa Eldoret, Kisumu au Meru, darasa la mtandaoni la saa mbili usiku huenda ndilo pekee linaloweza kupenya katika ratiba yake.

Ndiyo maana ukimuuliza mwanafunzi wa aina hii anaonaje kujifunza Kijerumani cha kazi yake mtandaoni, mara nyingi atakujibu vizuri. Atasema kinamfaa, kinamwokolea nauli, kinamwacha huru. Hata hivyo, mwalimu aliyefundisha lugha kwa njia hii anajua yanayofuata: wiki za mwanzo darasa limejaa, baadaye kamera zinazimwa moja baada ya nyingine, kisha majina yenyewe yanapungua. Maneno yamesema ndiyo, miguu imesema hapana. Makala hii inajaribu kueleza mgongano huo. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anayeacha kozi ya lugha ya fani mtandaoni mara nyingi hajachoshwa na mtandao. Ameona kwamba anachofundishwa hakifanani na kazi anayoiendea.

Lugha ya fani ni nini

Wengi hudhani lugha ya fani ni lugha ya kawaida iliyoongezewa orodha ya istilahi ngumu. Wataalamu waliachana na dhana hiyo zamani. Mmoja wa waasisi wa taaluma hii, John Swales, aliijenga kwa sehemu kubwa hapa hapa Afrika: alifundisha Kiingereza nchini Libya, kisha katika Chuo Kikuu cha Khartoum, katika miaka ya 1960 na 1970. Wanafunzi wa sayansi hawakuhitaji Kiingereza cha riwaya. Walihitaji kujua ripoti huanzaje, matokeo huelezwaje, na hoja hupangwaje. Kutokana na kazi ya namna hiyo, yeye na wenzake walijifunza kuanza na kile ambacho watu wa fani hukifanya kwa lugha, kisha ndipo watafute maneno na sarufi inayokihudumia.

Mwaka 1987 Tom Hutchinson na Alan Waters waliweka jambo hili katika maswali matatu ambayo hadi leo ni msingi wa kupanga kozi yoyote ya lugha ya fani. Kazi inadai nini? Mwanafunzi amepungukiwa na nini? Yeye mwenyewe anataka nini? Ugumu ni kwamba majibu ya maswali hayo hayalingani. Kazi ya muuguzi inadai kupokea na kukabidhi wagonjwa zamu inapobadilika, kuandika rekodi, kumpigia daktari simu, na kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake. Alichopungukiwa nacho mwanafunzi ni sikio la kukamata Kijerumani kinachosemwa haraka. Anachotaka ni cheti cha B2, na akipate mapema. Kozi ikitii matakwa peke yake itakuwa ya kukariri majibu ya mtihani. Ikitii madai ya kazi peke yake, itampoteza mtu ambaye bado hajui kuunda sentensi.

Tuitazame lugha yenyewe. Mwanafunzi aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza hapati shida na neno Pneumonie wala Hypertonie, kwa sababu mzizi wa Kigiriki anaujua tayari. Lakini bibi wa miaka 80 kitandani hasemi hivyo. Yeye anasema Lungenentzündung na Bluthochdruck, yaani homa ya mapafu na shinikizo la damu kwa maneno ya nyumbani. Kwa hiyo sehemu iliyodhaniwa kuwa ngumu, yaani istilahi, ndiyo nyepesi, na iliyodhaniwa kuwa nyepesi, yaani mazungumzo ya kawaida, ndiyo inayomkwamisha. Muuguzi wa Afrika Mashariki anaifahamu hali hii kwa lugha zake mwenyewe. Faili linaandikwa kwa Kiingereza, mgonjwa anasema ana presha na moyo unamwenda mbio, naye anasimama katikati akitafsiri pande zote mbili siku nzima. Ujuzi huo anao. Kozi chache humwambia kwamba anao.

Kuna pia maneno ya darasani yanayobadilika yakivuka mlango wa wodi. Katika wiki ya kwanza ya A1 mwanafunzi hufundishwa kwamba Stuhl ni kiti. Wodini, swali lenye neno hilo hilo linahusu choo kikubwa. Nüchtern hufunzwa kwa maana ya mtu asiyelewa, lakini kabla ya upasuaji ina maana kwamba mgonjwa asiwe amekula. Tarakimu nazo zina hatari yake. Mjerumani husoma 54 kwa kuanza na nne, ndipo aje hamsini. Kwa anayenunua nyanya, kukosea kati ya 54 na 45 ni jambo la kucheka. Kwa anayeandika mapigo ya moyo aliyosomewa kwa simu, si la kucheka hata kidogo.

Mtazamo una sehemu tatu

Wanasaikolojia wa jamii wamezoea kugawa mtazamo katika sehemu tatu: fikra, hisia na mwelekeo wa kutenda. Mgawanyo huu unatusaidia kuona kwa nini hojaji za vyuo hutupotosha. Hojaji nyingi huuliza fikra: je, unaona kozi hii ina umuhimu? Mwanafunzi anajibu ndiyo, na anasema kweli. Hisia haziulizwi, na huko ndiko kuna aibu ya kutamka vibaya mbele ya wenzake. Matendo hayahitaji hata kuulizwa, kwa sababu mfumo wa kozi unayarekodi wenyewe: aliingia lini, alisikiliza nini, aliwasilisha kazi gani. Kumbe chuo kinaweza kuchapisha taarifa kwamba wanafunzi wengi wana mtazamo chanya wakati huo huo darasa likiwa tupu, na taarifa zote mbili zikawa za kweli.

Tofauti hii kati ya kusema na kutenda inaonekana hata katika kozi za wazi za vyuo vikubwa. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kozi za mtandaoni za MIT na Harvard, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2019. Katika mwaka wa masomo wa 2017 na 2018, ni asilimia 3.13 tu ya walioshiriki waliozimaliza. Miongoni mwa waliolipia cheti, asilimia ilikuwa 46. Hazikuwa kozi za lugha ya fani, lakini zinatufunza mambo mawili. Kujiandikisha si kipimo cha kujitolea. Na hata aliyetoa pesa yake mfukoni huweza kuishia njiani, kwa hiyo ada peke yake haielezi kila kitu.

Faida inatangulia urahisi

Mwaka 1989 Fred Davis alichapisha utafiti kuhusu watumiaji wa programu za kompyuta ambao umekuwa chimbuko la tafiti nyingi za mitazamo. Alipima mambo mawili: mtumiaji anaona programu itamfaa kiasi gani katika kazi yake, na anaona kuitumia ni rahisi kiasi gani. Yote mawili yalihusiana na matumizi, lakini manufaa yalihusiana nayo kwa nguvu zaidi. Mtu atavumilia mfumo msumbufu ukimpa anachotaka. Hatautumia ulio mwepesi ikiwa haumfai kwa lolote.

Matokeo haya yanabadilisha namna ya kusikiliza malalamiko ya wanafunzi. Wakiulizwa kwa nini hawaingii darasani, jibu la haraka ni bando limeisha, mtandao unakatika, umeme ulipotea. Ni sababu za kweli, na hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Asiye na uwezo wa kuingia hana tatizo la mtazamo. Ana tatizo la pesa au la miundombinu, na kumwita mvivu ni kumwonea. Lakini kuna mwenye simu nzuri na bando la kutosha ambaye naye haingii. Huyo ndiye wa kuchunguzwa. Mara nyingi utakuta kwamba somo la jana lilikuwa la kuagiza chakula mgahawani na la leo ni la kupanga likizo ya milimani, naye saa tisa alasiri alikuwa akibadilisha bendeji ya kidonda. Mwanzoni alivumilia akidhani lugha ya kazi itakuja mbele. Haikuja.

Mtu anaweza kujibu kwamba huyu anasukumwa na maslahi tu, na kwamba motisha ya maslahi haifikishi mbali. Wazo hilo lina historia. Robert Gardner na Wallace Lambert, waliofanya utafiti wao Montreal nchini Kanada na kuuchapisha mwaka 1959, walitofautisha anayejifunza lugha ili awe karibu na wenye lugha na anayejifunza ili apate kitu, kama kazi au cheti. Huko Montreal wa kwanza walifanya vizuri zaidi. Lakini mwaka 1972 Yasmeen Lukmani aliwachunguza wanafunzi wa Bombay ambao lugha yao ya kwanza ni Kimarathi, akakuta kwamba waliotaka Kiingereza kwa ajili ya faida zake ndio waliokijua zaidi. Mazingira ndiyo yaliyoleta tofauti. Pale ambapo lugha ya kigeni ni mlango wa riziki, kutamani riziki ni motisha halali na yenye nguvu. Hatuna sababu ya kumwaibisha mwanafunzi wa Kitale anayejifunza Kijerumani kwa sababu ya mshahara.

Zoltán Dörnyei aliongeza jambo lenye manufaa kwetu mwaka 2005. Alisema nguvu kubwa ya mwanafunzi wa lugha hutokana na taswira aliyonayo ya nafsi yake ya baadaye akiitumia lugha hiyo. Ipo taswira anayoitamani mwenyewe, na ipo anayobebeshwa na wengine. Katika familia nyingi kozi ya Kijerumani ni mradi wa ukoo: baba ametoa ada, shangazi amechangia, na kila sikukuu swali ni moja, umefika wapi? Msukumo huo humpeleka mwanafunzi hadi A2. Kutoka hapo kwenda mbele anahitaji kujiona mwenyewe akiwa amesimama wodini, akieleweka.

Hapa kozi ya fani ina kazi nyingine ambayo haitajwi: inamwonyesha kazi ilivyo. Katika hospitali nyingi za kwetu, kumwogesha mgonjwa na kumlisha hufanywa na jamaa zake. Ujerumani kazi hiyo, inayoitwa Grundpflege, ni sehemu ya wajibu wa muuguzi, hata mwenye shahada. Mwanafunzi anayejifunza maneno ya kumgeuza mgonjwa, kumvisha na kumsafisha anapata habari ambazo wakala wa safari huenda hakumpa. Wapo watakaokata tamaa, nao wana haki ya kubadili njia mapema. Wapo watakaojiandaa. Wote wawili wana heri kuliko anayeligundua hilo Stuttgart katikati ya Januari.

Kinachokubali mtandao na kinachoukataa

Swali la kama wanafunzi wanapenda kujifunza lugha mtandaoni ni pana mno kiasi cha kukosa maana. Lugha ni stadi kadhaa, na mtandao hauzitendei sawa.

Msamiati unafaa sana. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunachokariri hupotea haraka mwanzoni, kisha polepole, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku yanahifadhi zaidi kuliko marudio ya mkupuo mmoja. Programu ya simu inayolirudisha neno kila linapokaribia kusahaulika inafanya kazi hiyo kuliko mwalimu yeyote mwenye wanafunzi 40. Mwanafunzi anaweza kuifanya kwenye matatu au akisubiri zamu ianze, na wengi huipenda kwa sababu wanaona idadi ya maneno ikipanda.

Kusikiliza kunafaa pia, pengine kuliko darasani. Rekodi inaweza kurudiwa mara ishirini bila mtu kukuona. Unaweza kusikia sauti ya mzee wa Bavaria anayemeza nusu ya maneno, kisha ya daktari wa Hamburg anayesema kwa kasi, kabla hujakutana na yeyote kati yao. Sharti ni kwamba rekodi ziwe ndogo, za kupakuliwa usiku bando likiwa nafuu, badala ya video nzito zinazokwama kila dakika.

Kuandika kunafaa ikiwa kuna mtu wa kusahihisha. Rekodi ya mgonjwa ni aina ya maandishi yenye kanuni zake: sentensi fupi, yaliyoonekana yatenganishwe na yaliyokisiwa, saa iandikwe. Mwanafunzi akipata maelezo ya mwalimu juu ya rekodi zake kumi atapiga hatua ya wazi. Akipata alama iliyotolewa na mashine pekee, atajua amekosea bila kujua mgonjwa angedhurikaje.

Kuzungumza ndiko kwenye matatizo. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha lugha kumi za mabara mbalimbali, ulikuta kwamba kwa kawaida pengo kati ya mtu kumaliza kusema na mwenzake kuanza kujibu ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Mtandao wa kawaida wa simu huongeza ucheleweshaji unaolivuruga pengo hilo. Watu wanagongana, wote wananyamaza, kisha wote wanaanza tena. Kwa lugha yako mwenyewe unavumilia. Kwa lugha unayoitafuta neno kwa neno, kila mgongano unakurudisha mwanzo.

Kisha kuna hofu. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake walitengeneza kipimo chenye kauli 33 cha kupima wasiwasi katika darasa la lugha ya kigeni, wakaonyesha kwamba wasiwasi huo ni hali ya pekee, tofauti na woga wa mitihani kwa jumla. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaelewa mambo mazito ya fani yake, lakini kwa Kijerumani anasikika kama mtoto wa chekechea. Pengo hilo kati ya anachojua na anachoweza kusema linamuumiza. Darasani angelazimika kusema. Mtandaoni anazima kamera, anazima maikrofoni, na anaweza kukaa muhula mzima bila kutamka sentensi tatu. Anafurahi, hojaji inarekodi furaha yake, na stadi aliyoihitaji zaidi haijaguswa.

Hapa pia pana somo la adabu lisiloingia katika programu za simu. Muuguzi wa kwetu humwita mgonjwa mzee mama, mzee, au shosho, na huo ndio upole wenyewe. Ujerumani, kumwita mgonjwa Oma, yaani bibi, huhesabiwa kuwa kumdharau. Yeye ni Frau na jina lake la ukoo, na nafsi ni Sie daima. Mwanafunzi hatajifunza hilo kwa kubonyeza jibu sahihi. Atajifunza kwa kuigiza mazungumzo na mtu anayemkatiza na kumwambia, hapo umemvunjia heshima.

Umbali usiopimwa kwa kilomita

Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, amefafanua kwamba umbali unaodhuru masomo si wa kilomita. Ni umbali wa kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, nao hutegemea kiasi cha mazungumzo, ukali wa mpangilio wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi kujiendesha. Darasa la watu 200 ukumbini linaweza kuwa na umbali mkubwa kuliko kundi la watu sita mtandaoni.

Vyuo vyetu vina ushahidi wa jambo hili kabla hata intaneti haijafika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo kozi za jina hilo zimeenea katika vyuo vya kanda nzima. Zinapofundishwa kwa makundi makubwa yanayochanganya wa uhandisi, sheria na kilimo, lawama ni ile ile tunayoisikia mtandaoni: hii inanihusu nini? Mwalimu akiwa mita tano mbele yako, swali hilo halipungui uzito.

Mwaka 2020 ulituchanganya zaidi. Vyuo vilifungwa mwezi Machi nchini Kenya na Tanzania, na wengi wa wanafunzi wa leo na walimu wao walijenga maoni kuhusu masomo ya mtandaoni kutokana na miezi ile. Lakini mwezi huo huo wa Machi Charles Hodges na wenzake walitahadharisha kwamba kuhamisha mihadhara kwa dharura si sawa na kozi iliyopangwa tangu mwanzo kuwa ya mtandaoni. Ile ya pili huchukua miezi kuandaliwa. Anayesema mtandao haufai kwa lugha kwa sababu ya aliyoyaona mwaka 2020 anahukumu dharura.

La kufanya

Mtihani wa lugha ya kitabibu wa Ujerumani unatupa ramani nzuri. Kwa madaktari una sehemu tatu za dakika 20 kila moja: kuzungumza na mgonjwa, kuandika taarifa yake, kisha kumweleza daktari mwenzako. Kazi moja inafuatwa kutoka kinywa cha mgonjwa hadi karatasi hadi kwa mwenzako wa kazi. Kozi ya muuguzi inaweza kupangwa hivyo tangu A2, kwa mgonjwa mmoja kila wiki. Maelezo yake yasikilizwe katika rekodi, maneno yarudiwe kwenye simu, taarifa iandikwe na kusahihishwa, na mwisho wa wiki pawe na kipindi cha moja kwa moja cha kumkabidhi mgonjwa huyo kwa mwenzako. Sarufi itapata nafasi humo humo. Kueleza kilichofanyika zamu iliyopita kunadai wakati uliopita, na kueleza kinachopaswa kufanyika kunadai vitenzi vya lazima.

Chuo kinachotaka kozi hiyo kitahitaji mwalimu wa lugha na muuguzi wakae meza moja. Mwalimu wa Kijerumani hajui mambo ya mirija na mikojo, na muuguzi hajui mwanafunzi wa A2 anaweza kubeba nini. Kitahitaji pia kuhesabu vipindi hivi katika mzigo rasmi wa masomo, kwa sababu kozi inayosomwa usiku bila alama itakuwa ya kwanza kutupwa mitihani ya fani ikikaribia. Na kikiandaa hojaji ya mwisho wa muhula, kipime pia dakika ambazo kila mwanafunzi alizungumza.

Dakika hizo zinaweza kukokotolewa kabla hata ya kulipa ada, na ningependa kila mwanafunzi afanye hivyo. Kipindi ni dakika 45. Mwalimu akizungumza 15, zimebaki 30. Darasa likiwa na watu 30, una dakika moja. Likiwa na watu sita, una tano. Kozi ya bei nafuu yenye watu 30 inaweza kukufaa kwa msamiati na kusikiliza, na hakuna ubaya kuinunua kwa lengo hilo. Lakini usitarajie ikufunze kusema. Tafuta wenzako wanne mnaolenga mtihani mmoja, mpange simu mara mbili kwa wiki, kila mmoja amkabidhi mwenzake mgonjwa kwa Kijerumani, hata kwa kukosea.

Waulize pia wenye kozi nani aliandaa mazungumzo ya wodini na kama aliwahi kufanya kazi wodini, maandishi yako yatasahihishwa na nani, na ni katika wiki ya ngapi utaanza kukutana na mgonjwa ndani ya somo. Wakikuambia subiri kwanza umalize B1, uliza kwa nini, kwa sababu kumuuliza mtu anaumwa wapi na tangu lini ni Kijerumani cha A2. Majibu yao yatakuambia mengi kuhusu kama utakuwa bado unaingia darasani mwezi wa nne.